Ukinakili pishi la Django, toa kiungo kimoja uone

Nilipoanza Django, fremuweki ya Python ya kutengenezea tovuti, nilikuwa nanakili kila kitu. Natafuta pishi la fomu, yaani msimbo ulioandikwa tayari na mtu mwingine, nabandika, inakubali, nasonga. Baada ya miezi mitatu nikajiona fundi. Siku nilipoombwa nibadilishe kitu kimoja ndani ya nilichobandika, nilikodoa macho kama abiria aliyeshushwa kituo asichokijua.

Wewe unayeanza, sina ugomvi na mapishi. Fremuweki iliyojengwa kwa klasi na urithi haiingii kichwani kwa nadharia tupu. Utasoma kwamba klasi ya mtoto hurithi kazi za mzazi, utaitikia, kesho umesahau. Ila pishi likishakubali, usilihame upesi. Toa kiungo kimoja makusudi, yaani mstari au neno moja la msimbo, uone chakula kinavyoharibika.

Mfano CreateView, klasi ya Django inayopokea fomu na kuhifadhi rekodi mpya. Pishi lake la kawaida linakuambia uandike upya form_valid, kazi inayoitwa fomu ikiwa sahihi, ili umtie mtumiaji aliyeingia kwenye rekodi, na mstari wa mwisho ni return super().form_valid(form). Ufute mstari huo. Django itapiga kelele kwamba ilitegemea HttpResponse (jibu la kurudishia kivinjari), imepewa None, yaani hakuna kitu. Sawa. Sasa pale ulipofuta andika return redirect('orodha'). Kelele zote kimya! Fomu inapokelewa, ukurasa unahama vizuri, na kwenye hifadhidata hakuna kitu. Kazi ya kuhifadhi iko kwa mzazi, nawe hukumwita. Nilicheza mchezo huu jioni moja, na ndipo nilipoielewa super(), ile inayomwita mzazi, baada ya video nyingi kunipita tu.

Kiungo cha pili nilikilipia. Nilitengeneza mfumo wa kikoba cha mtaani: klasi ya Mwanachama, klasi ya Mchango, katikati ForeignKey, uga unaofunga kila mchango na mwanachama wake. Tangu toleo la 2.0 ni lazima utaje on_delete, yaani kitakachotokea mwanachama akifutwa, na pishi nililonakili lilikuwa na CASCADE (vyote vinavyomtegemea vifutwe naye), nami nikaiacha ilivyo. Mama mmoja akajitoa, mweka hazina akaniomba nimwondoe kwenye orodha. Nikaingia admin, kurasa za usimamizi zinazokuja na Django, nikamfuta. Kusema kweli admin ilinionya, ikaniorodheshea michango yote itakayoondoka naye. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma. Jioni jumla ya mfuko haikulingana na pesa zilizomo sandukuni. Bahati yetu mweka hazina hakuwa ameiamini kompyuta, bado alikuwa anaandika kwenye kaunta buku. Nikaingiza upya mchango mmoja mmoja hadi usiku wa manane.

Siku hizi naweka PROTECT. Ukijaribu kumfuta mwenye michango, Django inakataa kwa ProtectedError. Kwenye Mwanachama nimeongeza uga wa ndiyo au hapana unaoitwa hai. Mtu akiondoka tunamzima, historia yake inabaki.

Hiyo admin, kwa njia, ina asili yake. Django ilizaliwa kwenye chumba cha habari cha gazeti la Lawrence, Kansas, Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005. Waandishi walihitaji kuingiza habari haraka bila kumsubiri mtu wa programu, na ndiyo maana unapewa admin bure kabla hujaandika hata ukurasa mmoja. Jina ni la mpiga gitaa Django Reinhardt; ile D haitamkwi.

Kuhusu pesa sisemi mengi: usitumie FloatField, uga wa desimali za kukadiria. Fungua Python, andika 0.1 + 0.2, utaona mwenyewe kwamba haitoi 0.3 kamili. Tumia DecimalField, inayotunza desimali kamili.

Orodha nazo zina mtego wake. Ukionyesha michango 300, na kila mstari unataja mchango.mwanachama.jina, hifadhidata inaulizwa mara 301: mara moja kwa orodha, halafu mara moja kwa kila mstari. Kwenye kompyuta yako hutahisi kitu. Ongeza select_related('mwanachama'), inayoleta wanachama pamoja na michango yao, na swali linabaki moja. Weka Django Debug Toolbar, zana inayokuonyesha idadi ya maswali kwa hifadhidata, iondoe hiyo select_related, uirudishe, na utazame namba inavyopanda na kushuka.

Na kabla hujaandika migrate ya kwanza (amri inayounda majedwali ya hifadhidata) kwenye mradi mpya, tengeneza klasi yako ya mtumiaji inayorithi AbstractUser, klasi ya mtumiaji ya Django, hata ikiwa ndani yake ni pass tu, kisha itaje kwenye AUTH_USER_MODEL ndani ya faili la mipangilio. Ni mistari michache. Mimi niliikumbuka mwezi wa nne, data ikiwa imeshajaa, na kuihamisha kulinichukua wikiendi mbili.