Maswali ya Wasomaji: Ufunguo wa Windows

Nilinunua laptop iliyotumika, fundi akanipigia Windows 11 Pro. Baada ya miezi sita yametokea maandishi kwenye kona ya skrini kwamba Windows haijaamilishwa, na fundi anataka nilipe tena. Windows ina muda wa kuisha? *Msomaji, Morogoro*

Leseni ya kawaida ya nyumbani haiishi muda. Inayoisha ni ile ya KMS, iliyotengenezwa kwa ofisi zenye kompyuta nyingi. Kompyuta hubisha hodi kwa seva ya ofisi kila siku 7, na isipoipata kwa siku 180 huhesabiwa kuwa haina leseni. Nyumbani kwako seva hiyo haipo. Basi ama laptop ilitoka kwenye kampuni na Windows yake, ama iliwekewa programu ya magendo inayojifanya seva. Programu za namna hiyo hukutaka uzime kinga ya virusi kabla ya kuziweka, na hilo peke yake lingetosha kukushtua.

Hakikisha kwanza. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `slmgr /xpr`, kisha Enter. Ukisoma "permanently activated", leseni yako haina mwisho. Ukisoma "Volume activation will expire" na tarehe, hiyo ni KMS. Kama muda umeshapita, `slmgr /dli` itakuonyesha neno VOLUME_KMSCLIENT kwenye mstari wa Description.

Usimlipe fundi kabla hujaiuliza mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta). Laptop nyingi zilizotoka kiwandani na Windows 8 (2012) au za baadaye zina ufunguo uliohifadhiwa ndani ya BIOS, programu ndogo iliyo kwenye mazabodi yenyewe, na kubadilisha diski hakuufuti. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, andika:

`(Get-CimInstance SoftwareLicensingService).OA3xOriginalProductKey`

Zikitoka herufi na tarakimu 25, ufunguo upo. Rudia amri hiyohiyo ukiongeza `Description` mwishoni, bila nafasi, nayo itakutajia toleo: "Professional" ni Pro, "Core" ni Home. Hapa ndipo mafundi wengi wanapoteleza. Mashine ina ufunguo wa Home, wao wanapiga Pro kwa sababu mteja ameitaka, halafu wanalazimika kutafuta njia ya mkato.

Ukishaujua ukweli, hamisha mafaili yako, tengeneza flashi ya GB 8 au zaidi kwa Media Creation Tool ya Microsoft, kisha piga Windows upya kwenye diski iliyofutwa, toleo lilelile la kiwandani. Ikiuliza ufunguo, chagua "I don't have a product key". Ikishapata intaneti itajiamilisha yenyewe, na ile programu ya magendo itakuwa imeondoka pamoja na vilivyofutwa kwenye diski. Kuongeza ufunguo juu ya Windows iliyochezewa hatukushauri, kwa kuwa mabaki hubaki.

Kuna jambo moja la kukatisha tamaa: kama laptop ilitoka kiwandani na Windows 7 au 8, ufunguo wake hauiamilishi tena Windows 10 wala 11 kwa mara ya kwanza. Microsoft waliufunga mlango huo Septemba 2023. Ni kununua leseni, au kuweka Linux Mint, mfumo mwingine badala ya Windows, ambao hauulizi ufunguo wowote.

Mazabodi ya kompyuta yangu ya mezani imeungua. Nikiweka nyingine, leseni itahama? *Msomaji, Mombasa*

Inategemea ilivyonunuliwa. Leseni ya RETAIL, uliyoinunua peke yake, inahama. Ile ya OEM, iliyokuja na kompyuta, inakufa na mazabodi. RAM, diski na kadi ya picha huwa hazina shida.

Jihadhari na mtego mmoja. Kompyuta iliyopandishwa bure kutoka Windows 7 au 8 huonyesha "RETAIL channel" kwenye `slmgr /dli`, na herufi tano za mwisho za ufunguo huwa 3V66T kwa Pro au 8HVX7 kwa Home. Huo ni ufunguo wa jumla ambao mamilioni ya kompyuta wanao. Leseni yenyewe iko kwenye seva za Microsoft, imefungwa kwa mazabodi ile, na bado ni OEM kama asili yake ilikuwa OEM.

Kama ni RETAIL ya kweli na uliingia kwa akaunti ya Microsoft kabla ya mazabodi kuungua, weka mpya, ingia kwa akaunti ileile, nenda Settings, System, Activation, Troubleshoot, kisha chagua "I changed hardware on this device recently" na uonyeshe kompyuta yako kwenye orodha. Kama hukuwahi kuiunganisha na akaunti, utahitaji ule ufunguo wa herufi 25 wenyewe. Anayehamia kompyuta nyingine huku ya zamani ikiwa bado inawaka aandike kwanza `slmgr /upk` kwenye ya zamani, akiwa amefungua Command Prompt kama msimamizi.

Stika ya ufunguo imefifia. Nasoma O, S na 5, lakini Windows inaukataa. *Msomaji, Arusha*

Hizo zote hazimo. Funguo za Windows hazina A, E, I, O, U, L, S, Z, wala 0, 1 na 5, makusudi ili watu wasichanganye. Unachokisoma kama O huenda ni Q, D au G. Kinachofanana na S au 5 jaribu 8, B au 6. Piga picha stika kwa taa ya pembeni, si flashi ya mbele, na wino uliofifia huonekana vizuri zaidi. Ukishaupata, uandike pamoja na toleo na namba ya mashine, kwa sababu Windows yenyewe itakuonyesha herufi tano za mwisho tu.

Funguo za dola chache mtandaoni ni halali? *Msomaji, Nairobi*

Mara nyingi ni funguo za makampuni (MAK) zinazouzwa kwa vipande. Kila ufunguo wa namna hiyo una idadi maalumu ya kuamilisha. Idadi hiyo ikipita utaona msimbo wa kosa 0xC004C020. Microsoft wakiufunga ufunguo, wote walioununua wanakatiwa pamoja, na muuzaji hayupo tena.