Khichdi yako inakauka kwa uchache wa maji

Dada, umeuliza kwa nini khichdi yako, kile chakula cha Kihindi cha mchele na choroko, inatoka kavu na choroko bado zina kiini. Maji ni machache. Kikombe cha mchele na kikombe cha choroko zilizokobolewa, zile za manjano, vinataka vikombe sita mpaka saba vya maji, si vinne. Zile za kijani zenye maganda loweka usiku kucha, la sivyo utamaliza mkaa bure.

Samli kwanza. Ikipata moto tia binzari nyembamba; ikianza kupasukapasuka na kunukia, weka tangawizi ya kuponda, manjano nusu kijiko cha chai na chembe tu ya mvuje, ule utomvu mkavu wenye harufu kali. Usiache viungo viungue, vitakuwa vichungu. Kisha mchele na choroko, geuza kidogo, mimina maji, funika, moto mdogo kama dakika 40, mpaka iwe laini kama uji mzito.

Kule India, wanaofuata Ayurveda, tiba ya jadi ya huko, humpa khichdi mgonjwa anayeanza kupata nafuu, wakiihesabu nyepesi tumboni. Wengi wao hawatii vitunguu kabisa. Mimi kitunguu saumu kimoja sikiachi. Chumvi mwishoni, ndimu mezani. Ikilala huganda, kwa hiyo ipashe na maji ya moto.