Panya aliuma huku anapuliza: miaka yangu na LysM-Cre

Juzi usiku nimepata meseji ya mdogo wetu mmoja: "Kaka shikamoo, nimepata PhD Ubelgiji, supavaiza kanipa panya wa LysM-Cre niangalie mawasiliano ya kinga kwenye makrofaji, naanzia wapi?" Marahaba mdogo wangu. Nilitaka nikujibu mistari miwili nikalale, ila hilo neno "kwenye makrofaji" limenitonesha kidonda, kwahiyo nakujibu hapa hapa na wenzako wasome, maana najua mko wengi mnaotaka kufika mbali kwenye imunolojia na hakuna anayewaambia haya mapema.

Kwa wanaoingia sasa hivi, makrofaji ni seli za kinga zinazomeza vijidudu. Jeni nyingi zinazopeleka ishara za kinga, ukizifuta mwili mzima panya hazaliwi. Stat3 ukiitoa kabisa kijusi kinakufa siku za mwanzo mwanzo tu, IKKβ nayo wanafia tumboni kwasababu seli za ini zinajiua. Ndo maana ikabidi jeni ifutwe sehemu moja tu ya mwili. Unaizungushia jeni yako vipande viwili vya loxP, kila kimoja herufi 34 za DNA, halafu unamleta Cre, mkasi uliotoka kwa kirusi cha bakteria kinachoitwa P1, na mkasi unauwashia kwenye aina ya seli unayotaka. Mwaka 1994 timu ya Klaus Rajewsky pale Köln walionyesha inawezekana kwenye seli T. Mwaka 1999 Wajapani, kina Takeda na Akira, wakaifuta Stat3 kwa LysM-Cre, yani mkasi unaowashwa na jeni ya lisozaimu M, panya wakaishi vizuri tu ila wakapata uvimbe sugu wa utumbo, yani seli zao zilikuwa hazimsikii tena IL-10, mjumbe wa kutuliza kinga, anaposema jamani inatosha.

Mimi hiyo paper niliisoma kwenye treni nikasema hii ndo njia yangu. Nilikuwa Ujerumani, mwaka wa kwanza, Mtanzania peke yangu kwenye maabara, nataka niwaonyeshe. Jeni yangu siitaji, wenye fani watanijua, ni mmoja wa wale wanaobeba taarifa kutoka TLR4, mlinzi anayenusa bakteria nje ya seli, mpaka NF-κB, anayewasha jeni za uvimbe.

Kuzalisha panya sisimulii sana. Mimba wiki tatu, kunyonya wiki tatu, kukomaa mpaka wiki ya sita au ya nane, na unahitaji vizazi viwili kabla hujapata mwenye flox mbili (nakala zote mbili za jeni zimezungushiwa loxP) na Cre, na kwenye kizazi cha pili ni mmoja kati ya wanne. Piga hesabu mwenyewe. Mimi nilimwambia supavaiza miezi minne, akacheka.

Walipokuja wakaja vizuri mno. Nawavutisha LPS puani, ile sumu ya ganda la bakteria, wale wa kawaida mapafu yanajaa seli, wangu wamekaa kimya kabisa. Grafu ina nyota tatu, yani takwimu zinasema tofauti si ya bahati tu. Nikaandika makrofaji za mapafu zinahitaji jeni hii, nikaenda nayo kwenye mikutano, nikapigwa picha na bango langu, mama akaiprinti akaibandika sebuleni Tabora. Karibu miaka miwili naimba makrofaji makrofaji.

Halafu siku moja kwenye semina ya ndani mzee mmoja mgeni, mpole kabisa, akauliza, "Na nyutrofili umeziangaliaje?" Hizo ni seli nyingine za kinga, zinazowahi kufika kwenye uvimbe. Nikajibu kwa kiburi kwamba LysM-Cre ni ya makrofaji. Akatabasamu, akasema asante, akakaa. Panya ndo anavyouma, anapuliza kwanza.

Usiku ule sikulala, nikarudi kusoma upya. Waliotengeneza LysM-Cre wenyewe waliandika mwaka huo huo wa 1999 kwamba inakata asilimia 83 mpaka 98 kwenye makrofaji zilizokomaa, na kwenye granulosaiti, ambazo nyingi ndo hizo nyutrofili, inakaribia asilimia 100. Na ile paper ya kina Takeda, kichwa chake kabisa kimetaja makrofaji na nyutrofili. Kichwa! Nilikisoma mara ngapi sijui, macho yakawa yanaona neno moja.

Tukawapa panya kingamwili ya Ly6G inayoondoa nyutrofili, tukarudia. Tofauti ikapotea. Makrofaji zangu hazikuwa na habari yoyote.

Kilichoniuma zaidi sio kosa. Kuna mtu kwenye maabara, mkubwa wangu kiutafiti, aliniambia baadaye wakati tunakunywa kahawa kwamba alijua toka mwanzo, "nilidhani na wewe unajua." Unajua nini bwana, umekaa unaniangalia miaka miwili? Mpaka leo nikikutana naye namsalimia, ila salamu tu.

Mwezi uliopita paper imekubaliwa. Kichwa kimebadilika, ni nyutrofili sasa, na jina langu liko la kwanza. Nililia kidogo chooni, nikatoka nikanunua keki ya watu wote, mpaka na yeye akala.

Sasa mdogo wangu, la kwanza, jina la Cre sio ushahidi. CD4-Cre kwa mfano inakata kwenye thaimasi, tezi seli T zinakokomaa, wakati seli bado ina alama za CD4 na CD8 zote mbili, kwahiyo jeni imefutwa na kwenye seli zako za CD8 hata kama jina halisemi. Chambua seli aina moja moja uangalie jeni imeondoka wapi, protini pia, kabla hujamchoma sindano panya hata mmoja. La pili, angalia mkasi wenyewe umekaa wapi. Cre ya LysM imekaa ndani ya jeni ya lisozaimu yenyewe, ukiwa na panya mwenye Cre mbili huyo hana lisozaimu M kabisa, na wewe utasema ni jeni yako. Fanya PCR, kile kipimo cha DNA, inayotofautisha Cre moja na mbili, mimi niliwahi kuwachanganya.

Na acheni haraka vijana, mnapenda nyota tatu kuliko kuuliza nyota zimetoka wapi, na mzee akikuuliza swali semina usimjibu kama mimi nilivyojibu, andika swali lake, kalale nalo. Kontroli, yani panya wa kulinganisha, wawe ndugu wa tumbo moja, wasio na Cre, na muwe na wachache wenye Cre bila flox. Wakae boksi moja, kwasababu bakteria wa utumbo wanatofautiana boksi kwa boksi na kinga inawasikia wote.

Kwahiyo siku ukipata grafu nzuri sana, kabla hujanitumia niambie kwanza kontroli wako wametoka boksi gani.