Uliza Ujibiwe: Kasuku wa Mauritius waliokolewaje?

SWALI: Mhariri sasa. Shemeji yangu amerudi kutoka Mauritius na picha za kasuku wa kijani, ati walikuwa wamebaki kama kumi tu dunia nzima na saa hii wamepita mia saba. Mimi nikiangalia naona ni hawa hawa wenye mkia mrefu wanaopiga kelele kwa miti huku Nairobi. Kama ni hao, shida iko wapi? Na hao kumi waliongezwaje?
Msomaji, South B

JIBU: Shemeji hajakudanganya, ni wewe umechanganya ndege wawili, na si ajabu maana wanafanana kama ndugu. Wa kwako ni kasuku mkufu, asili yake ni India na ule ukanda wa Afrika kutoka Senegal hadi Ethiopia, huku Nairobi ni wale waliotoroka vizimbani wakazaana. Wa Mauritius ni mnene kidogo, kijani chake kimekolea na mkia ni mfupi. Ukitaka kuwatenganisha haraka angalia jike: wa Mauritius mdomo wake wa juu ni mweusi, wa huku dume na jike wote wana mdomo mwekundu.

Na sasa sikia hii, huyo huyo kasuku mkufu alipelekwa Mauritius karne ya 19 na akawa mmoja wa maadui wa mwenyeji, kwa sababu wote wanataga ndani ya mashimo ya miti. Shimo linalofaa linapatikana kwa mti mzee, mkubwa, ulioanza kuoza ndani, na miti hiyo ilishakatwa kupisha miwa na chai. Misitu ya asili iliyo katika hali nzuri haifiki asilimia 2 ya kisiwa, tena inaliwa na mipera ya kigeni inayoota kwa fujo mpaka mche wa asili haupati mwanga. Kwa hivyo shimo likipatikana ni kugombaniwa kama bedsitter ya bei poa Nairobi, na hata ukishaingia, panya anakuja kula mayai, kima walioletwa na mabaharia wanaingiza mkono wanatoa makinda, mvua ikinyesha vibaya shimo linajaa maji. Halafu vimbunga, mwaka 1979 kilipita Claudette na ndege walikuwa wachache tayari.

Kuokolewa kwao hakukuwa maajabu, ilikuwa kazi ya mkono, na hapa ndipo mimi huwapigia saluti. Mtaalamu wa kuhifadhi ndege Carl Jones na wenzake, ambao baadaye ndio shirika la Mauritian Wildlife Foundation, walipanda miti kwa kamba shimo kwa shimo, wakaziba mahali panapovuja, wakafunga plastiki laini kwa shina ili panya ateleze, wakaweka sumu ya panya chini. Jike hutaga mayai mawili hadi manne lakini mara nyingi ni kinda mmoja tu anayefika kuruka, wadogo wanakufa njaa kiotani. Basi wale wadogo wakawa wanatolewa kabla hawajafa, wanalishwa kwa mkono, wanarudishwa msituni wakikomaa. Baadaye wakatundika masanduku ya mbao badala ya mashimo, na ndege wakayakubali kabisa.

Mwaka 2005 ukazuka ugonjwa wa virusi unaong'oa manyoya na kuharibu mdomo, ikabidi kuachilia ndege msituni kusimame. Hata hivyo idadi iliendelea kupanda, IUCN, shirika la kimataifa linalopanga viumbe kwa hatari ya kutoweka, likamshusha daraja la hatari mwaka 2007 na tena 2019. Wengi bado wako kwenye msitu wa Black River Gorges, na wengi wao wanazaa kwa yale masanduku ya watu, kwa hivyo usiseme shida imeisha. Ndugu zao wa kisiwa jirani cha Réunion walishatoweka zamani.

SWALI: Nikipata kasuku wa kijivu wa kuuziwa mtaani, ninunue?
Mama Kevo, Kayole

JIBU: La, Mama Kevo. Tangu 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu waliokamatwa porini imepigwa marufuku chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, na hapa Kenya huwezi kumfuga bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori. Anayekuuzia kwa kikapu hana karatasi, na ukinaswa naye wewe ndiye utakayeulizwa.