Uliza Tukujibu: Hela za mbio za farasi mbona hazifiki mtaani kwetu?

SWALI: Shikamoo anti. Sisi tulitoka kambini Nyarugusu tukaletwa Baltimore, sasa tunakaa Park Heights, karibu kabisa na uwanja wa farasi wa Pimlico. Kila Mei kukiwa na mbio za Preakness mtaa unafurika magari, majirani wanapakisha watu kwenye majani mbele ya nyumba zao kwa hela, zikiisha tunabakiwa na makopo ya bia. Nasikia wabunge walishatutafutia hela kwa sababu ya huo uwanja. Mbona nyumba mbovu zilizozibwa mbao bado zipo? Au siasa tu?
Msomaji, Baltimore

JIBU: Marahaba mwanangu. Siasa ipo, ila na hela zipo, na zimeandikwa kwenye sheria kabisa.

Kwanza tuelewane, hapa ni wabunge wa Annapolis, wa bunge la Maryland, sio wale wa Washington (na neno jimbo linatuchanganya, kwetu jimbo ni la mbunge, huko jimbo ni Maryland nzima na mbunge ana wilaya yake). Pimlico iko wilaya ya 41, na mmoja wa wabunge wake ni Samuel Rosenberg, wanamwita Sandy, yuko bungeni tangu 1983. Sasa mbunge kama huyo ni mmoja kati ya 141, hawezi kuja na gunia la hela, anachoweza ni kuungana na wenzake wa Baltimore kwamba mswada unaotakiwa na wakubwa usipite bila mtaa wao kutajwa humo ndani.

Angalia kamari. Sheria ya mashine za kamari ilipita 2007, wananchi wakaipigia kura ya ndiyo Novemba 2008, na humo imo asilimia 5.5 ya mapato ya mashine irudi kwa jamii zinazoguswa. Kwa kasino za Baltimore na za kaunti za Anne Arundel na Prince George's, asilimia 18 ya hiyo ikatengwa, sehemu kubwa kwa mitaa ya Pimlico, na wa karibu na viwanja vya Laurel na Rosecroft nao wakamegewa kidogo. Pimlico yenyewe haina hata mashine moja! Piga hesabu: kila dola 100 zinazobaki kwenye mashine baada ya washindi kulipwa, 5.50 ni za jamii, na asilimia 18 yake ni senti 99. Inaonekana ndogo lakini hizo kasino hazilali. Ubaya wake ni kwamba kasino zikidorora na nyie mnadorora.

Hela hizo zinapangwa kupitia Pimlico Community Development Authority, yaani chombo cha kuendeleza mitaa ya Pimlico, na nyingi zimeingia kwenye kununua na kubomoa nyumba katikati ya Park Heights. Ndo maana unaona polepole, nyumba moja ina mwenyewe aliyefariki, warithi watano hawaelewani, na deni la kodi juu, huwezi tu kuleta tingatinga. Mikutano yao iko wazi kwa kila mtu, nenda, usiulize mambo ya jumla, uliza mtaa wako kwa jina na namba ya nyumba.

Uwanja wenyewe ni habari nyingine. 2019 sehemu ya jukwaa la zamani ilifungwa kwa uchakavu, viti karibu 7,000, na wenye mali walikuwa wanataka Preakness ihamie Laurel. 2020 bunge likapitisha mkopo wa ujenzi wa dola milioni 375, gharama zikapanda kazi ikakwama, 2024 ikaja sheria nyingine ya milioni 400 na Pimlico ikauzwa kwa serikali ya jimbo kwa dola 1. Moja tu, hujasoma vibaya. Mimi hapo ndo nina wasiwasi, maana uwanja kuwa mpya haimaanishi vijana wa Park Heights ndo watapata ajira, labda za kuzoa hayo makopo. Swali la ajira nalo kaliulize mapema, kabla mikataba haijasainiwa yote.

Halafu naona umetaja parking kama mtu anayepiga hesabu zake. Preakness ya 2026 ilipangiwa Laurel wakati Pimlico inajengwa, na kurudi kukapangwa 2027, kwa hiyo majani yako yaache yaote kwanza.