Zabibu za kula: rangi isikudanganye

SWALI: Jamani mimi nazipenda sana zabibu ila sizielewi, leo nanunua za kijani tamu balaa, siku nyingine za kijani hizohizo chachu mpaka meno yanakufa ganzi. Nikaambiwa nyekundu ndo tamu, wapi! Nikapata kubwa zenye mbegu, zikanikera tu. Nichague ipi, na zile chachu nikizifungia na ndizi zitaiva?

JIBU: Hapana, haziivi. Zabibu ikishakatwa mtini sukari yake haiongezeki tena, itakaa tu mpaka inyauke, kwa hiyo ukiuziwa chachu itabaki chachu hata uifungie na nini. Hilo ndo linalokuchanganya kwenye za kijani, maana aina ni ileile, mara nyingi Thompson Seedless ambayo wengine wanaiita Sultana, ila moja imechumwa mapema na nyingine imeachwa mtini mpaka ikaanza kuvuta njano. Chukua hiyo yenye unjano, hata kama haivutii macho kama ile ya kijani kibichi.

Kwa nyekundu usiangalie rangi, uliza jina. Flame Seedless ni za mviringo, si kubwa sana, ukiuma inakatika vizuri na utamu upo. Crimson Seedless ni ndefu kidogo, ngumu, zinachelewa kuiva. Zote mbili zilizalishwa na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani huko Fresno, Flame ikatoka 1973 na Crimson 1989. Hizo kubwa zenye mbegu zilizokukera nadhani ni Red Globe, zinapendeza mezani kweli lakini ladha yake mimi naiona imepoa.

Ila usizikimbie zote zenye mbegu! Muscat of Alexandria ina mbegu na ni ya zamani mno, lakini ile harufu yake kama ya maua huwezi kuipata kwenye Thompson, na kwangu mimi hiyo ndo zabibu hasa. Wajapani wana Kyoho, nyeusi, kubwa, ganda linachomoka lenyewe ukiibonyeza, halafu wana Shine Muscat ya kijani iliyosajiliwa 2006, hiyo unakula na ganda lake na harufu ya Muscat ipo. Ukiikuta usiiache.

Popote unaponunua angalia kikonyo, kikiwa kibichi zimechumwa karibuni, kikiwa cha kahawia kimekauka achana nazo. Ule unga mweupe juu ya ganda si dawa, ni nta ya zabibu yenyewe, inazuia maji yasipotee, ndo maana usizioshe kabla ya kuweka kwenye friji, osha zile unazokula muda huo tu.

SWALI: Zisizo na mbegu si ndo zile za maabara?

JIBU: Sultana haina mbegu tangu enzi za kale, kabla hata ya maabara. Mbegu zinaanza kukua halafu zinaishia njiani, ndo vile vijipunje laini unavyovikuta ukiipasua. Mkulima anakata kipande cha tawi anapanda, basi, mzabibu mpya unatoka uleule.