Gereji ya Uani: Peugeot ya Baba Haianzi na Rangi

Maswali ya wasomaji kuhusu magari ya zamani. Anajibu fundi wetu wa Tanga.

SWALI: Shikamoo fundi. Marehemu baba ameniachia Peugeot 504 GL ya mwaka 1976. Macho yalipoanza kumsumbua aliacha kuendesha, na tangu hapo imekaa uani, Pangani, karibu kabisa na bahari. Matairi yameisha upepo, injini haijawashwa miaka mingi, milango imeoza kwa chini. Naweza kutenga laki mbili kwa mwezi, haizidi. Fundi rangi wa jirani anasema nianze na rangi ili gari lionekane. Baba mdogo anataka tuliuze chuma chakavu. Nina spana za mzee na Jumapili zangu ziko huru. Nianzie wapi? *Msomaji, Pangani*

JIBU: Marahaba mwanangu, na Mungu amrehemu mzee. Baba mdogo mwombe asubiri. Peugeot 504 si gari la kupimwa kwa kilo. Lilizinduliwa mwaka 1968, likachaguliwa gari bora la mwaka la Ulaya 1969, na mwaka 1975 dereva Ove Andersson akashinda nalo Safari Rally. Gari lililohimili barabara zile linafufuka, ila pesa iende kwa mpangilio wake. Fundi rangi naye mshukuru, mwambie zamu yake ni ya mwisho.

Milango isikusumbue kwa sasa. Imeoza kwa sababu vitundu vya kutolea maji kwa chini vimezibwa na matope, maji ya mvua yakatuama ndani. Zibua vitundu hivyo kwa waya leo hii ili uozo usiendelee, halafu iache. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kile usichokiona. 504 yako haina chesisi ya peke yake kama Land Rover, bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito. Yale maboksi mawili ya bati yanayopita chini ya milango, kulia na kushoto, ndiyo yanayolizuia gari lisipinde katikati. Kwa gari lililokaa kando ya bahari, chumvi huanzia humo.

Jumapili ya kwanza usifungue nati yoyote. Osha gari kwa chini kwa maji baridi mengi, kwenye matao ya magurudumu na kila pembe iliyoshika udongo, kwa sababu udongo ule una chumvi. Likikauka, linyanyue kwa jeki na uliegeshe juu ya stendi za chuma au magogo mapana. Tofali la saruji usilitumie kabisa, hupasuka bila kutoa dalili, na chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake usiingie hata mkono.

Sasa chukua bisibisi bapa na nyundo ndogo. Gonga ukienda polepole. Bati zima linalia, lililooza linatoa sauti iliyokufa. Ukisikia hiyo, sukuma bisibisi. Ikizama, zungushia chaki. Pima maboksi ya chini ya milango, inua kapeti upime sakafu upande wa dereva, pima shimo la tairi la akiba kwenye buti, halafu fungua boneti upime pale juu shokapu za mbele zinapofungiwa. Hapo penye shokapu pakiwa pamelika, ndipo pa kuanzia, maana panabeba mbele yote ya gari. Ukimaliza utakuwa na ramani ya chaki, na ramani hiyo ndiyo bajeti yako.

Laki mbili za miezi ya mwanzo ziende huko. Mashine ya kuchomelea usinunue. Tafuta fundi mwenye mashine ya mig, ile inayochomelea kwa waya mwembamba, mlipe kwa siku. Yule wa fimbo za kawaida, hata awe hodari, atatoboa bati jembamba na kukuachia matundu makubwa kuliko uliyokuwa nayo. Kazi inayokula muda ifanye wewe: kukwangua, kukata sehemu iliyooza mpaka ukute bati zima, kusafisha kwa msasa mpaka ling'ae pande zote mbili. Fundi akikuta bati safi, siku moja inamtosha kwa kazi ambayo ungemlipa wiki nzima. Bati geji 18, lenye unene wa milimita 1.2 hivi, linafaa kwa maboksi yale.

Kabla ya kukata boksi lolote, chomelea kwa muda bomba la chuma kukinga uwazi wa mlango, kutoka nguzo hadi nguzo, gari lisilegee. Kata upande mmoja, umalize, urudishe mlango uone kama unafunga vizuri, ndipo uende upande wa pili. Siku ya kuchomelea toa betri, tenganisha na waya za alteneta, na tangi la mafuta lifunguliwe lipelekwe mbali kabisa na kazi. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke.

Baada ya bodi, breki. Injini inaweza kungoja, maana gari lisilowaka haligongi mtu. Hosi za mpira zinazoenda magurudumuni badilisha zote hata zikionekana nzima. Mpira wa zamani huvimba kwa ndani, ukakanyaga mafuta yanapita, ukiachia hayarudi, na breki inabaki imeshika. Masta silinda na pistoni za kalipa zifungue. Kuta zikiwa laini, mipira mipya inatosha, zikiwa na vishimo vya kutu ambavyo kucha inavihisi, nunua nyingine. Mafuta ya breki yote mwaga, yanavuta unyevu hewani na unyevu huo ndio unaotoboa vishimo hivyo. Vumbi la pedi za zamani usilipulize. Breki nyingi za enzi zile zilikuwa na asbesto, kwa hiyo lowesha kwanza, futa kwa kitambaa, kitambaa kitupwe.

Sasa tuje kwenye injini. Usikimbilie kupiga stata. Toa plagi zote nne, mimina kijiko cha oili kila tundu, acha usiku kucha. Kesho yake tia gia ya nne, plagi zikiwa bado nje, sukuma gari taratibu na mwenzako. Injini ikizunguka, umepona gharama kubwa. Ikigoma usiilazimishe, ongeza oili uipe siku kadhaa. Mwaga oili ya zamani, mwaga petroli ya zamani iliyogeuka kama gundi, safisha tangi na kabureta, badilisha hosi za mafuta, sugua pointi. Ndipo uwashe.

Na hili lishike sana, kwa sababu nimeona 504 nzima zikiuawa hivi gereji. Slivu za injini hii, yale mabomba ambamo pistoni hupanda na kushuka, zimesimama ndani ya maji, zimekalia sili kwa chini. Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ndiyo inayozibana. Ukifungua hedi, slivu hazina tena kinachozishika. Mtu akizungusha krenki, ule mhimili wa chini uliofungwa pistoni, hapo pistoni inainua slivu kidogo tu, uchafu unaingia chini yake, sili inaharibika, na gari likifungwa upya maji yanashuka kwenye oili. Fundi atakwambia bloku imepasuka, nawe utaamini. Kwa hiyo hedi ikitoka, kata vipande vya bomba, viwekee washa pana (vile vibati vya duara vyenye tundu), vifunge kwa bolti kwenye matundu ya bolti za hedi, washa zikalie kingo za slivu. Vikishakaza ndipo krenki izungushwe. Na hedi yenyewe ni ya aluminiamu, maji ya kisima ya chumvi yanaila. Tia maji safi pamoja na kuleni ya rejeta, hata kama ni ghali.

Spea zipo. Tembelea Gerezani pale Dar, na ukiwa na mtu Nairobi mwambie aende Kirinyaga Road, panapoitwa Grogan. Beba kile kitu cha zamani mkononi, usitegemee maelezo ya mdomo. Uliza pia spea za 505, ambayo ilirithi injini ile ile ya 1971 cc na vitu vingine kadhaa. Kumbuka tu kwamba za nyuma za stesheni wagoni na pikapu haziingii kwenye saluni yako.

Jambo la mwisho kwako: usifungue gari zima. Vijana wengi hulibomoa kwa wiki mbili kwa shauku, halafu visanduku vya nati vinakaa miaka na mke analalamika. Fungua kimoja, kimalize, kirudishe, halafu kingine. Mwezi ambao pesa haikupatikana, kaa uoshe nati kwa mafuta ya taa na uandike majina kwenye vikopo. Hiyo nayo ni kazi.

SWALI: Salaam fundi. Nami nina 504 saluni. Inatumia mafuta mengi na nguvu imepungua. Mafundi watatu tofauti wameniambia nitupe injini niweke ya Toyota, "uendeshe kwa amani". Una maoni gani? *Msomaji, Arusha*

JIBU: Kataa, ndugu yangu, na sababu yangu si mapenzi peke yake. Katika gari lako propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, imefichwa ndani ya bomba, na bomba hilo limefungwa kuanzia nyuma ya giaboksi mpaka kwenye difu, boksi la gia linalozungusha magurudumu ya nyuma. Ukiweka injini ya Toyota utaweka na giaboksi yake. Giaboksi hiyo haishikani na bomba, kwa hiyo bomba litoke. Likitoka, difu haina kinachoizuia isijizungushe, kwa hiyo difu nayo itengenezewe vishikizo. Hapo umeshakata bodi sehemu tatu, na kila fundi anayekuja baadaye anakisia. Waliokwambia bei walikutajia injini tu.

Injini yako ina bahati moja kubwa: kwa kuwa slivu zinatoka, haihitaji kuchongwa bloku. Unanunua seti ya slivu na pistoni zake, unaziingiza, umepata injini mpya. Ila kabla ya kufika huko pima kompresheni ya silinda zote nne. Zikiwa za juu na karibu sawa, tatizo halipo kwenye slivu na pistoni. Rekebisha vali, inleti milimita 0.10 na ekzosi 0.25 injini ikiwa baridi, funga pointi mpya, safisha kabureta, angalia chujio la hewa. Nina imani kubwa nusu ya nguvu zako zimelala hapo.

Na kwa sisi Watanzania kuna jambo jingine. Bert Shankland alitoka Dar es Salaam akashinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967 kwa Peugeot 404, mama yake 504 hii. Magari haya ni sehemu ya historia yetu, na yaliyobaki na injini zao yanapungua kila mwaka. Naomba lako lisiwe miongoni mwa yanayopungua.

SWALI: Fundi, habari za Tanga? Mimi nina Datsun 1200 pikapu. Bodi imekwisha nyooshwa. Je, naweza kupiga rangi mwenyewe uani kwa kompresa ya kuazima? *Msomaji, Likoni, Mombasa*

JIBU: Nzuri, za Likoni? Waweza, ukichagua rangi. Zile za kuchanganywa na hadina, dawa ya kukaza rangi, zinang'aa na kudumu, lakini hadina hiyo ina isosayaneti, kemikali inayoharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Hizo mwachie mwenye chumba cha rangi na barakoa inayoletewa hewa safi kwa bomba. Nyumbani piga rangi ya selulosi, asubuhi mapema kabla upepo wa bahari haujaanza, watoto na majiko yakiwa mbali, nawe ukiwa na barakoa ya chujio za kaboni.

Pale kwenu bati lililosuguliwa likilala wazi usiku mmoja, kesho lina kutu. Suguwa sehemu ndogo, futa kwa thina, piga praima siku hiyo hiyo. Na praima ya kawaida inanyonya maji, usiendeshe nayo wakati wa masika ukingoja pesa ya rangi. Puti iwe nyembamba, juu ya chuma safi tu. Mtu akikushauri kuziba tundu kwa puti na gazeti, mwache aende zake.

SWALI: Shikamoo babu. Mama anataka nilitengeneze Volkswagen Kobe la marehemu babu, lakini kadi ya gari ina jina la babu na hatujui pa kuanzia. Nitengeneze kwanza au nishughulikie kadi? *Msomaji wa kike, Moshi*

JIBU: Marahaba mjukuu wangu. Kadi kwanza, kabla hujanunua hata plagi. Familia ikae, msimamizi wa mirathi ateuliwe na mahakama, kisha aende TRA, Mamlaka ya Mapato, na barua yake ya usimamizi, cheti cha kifo na kadi ya zamani, umiliki uhamishwe. Ndugu wote wakubaliane kwa maandishi gari linakwenda kwa nani, kwa sababu Kobe bovu halina mgombea, likishang'aa wanatokea wengi. Wakati karatasi zinashughulikiwa, futa vumbi kwenye namba ya chesisi, ipige picha, uilinganishe na ya kwenye kadi tarakimu kwa tarakimu. Zisipolingana, nenda nazo zote mbili siku ya kwanza utakapofika TRA, usingoje waligundue wao.